Sare za harusi: kitambaa gani ununue, na nani umwambie akivae

Mwanamke mwenye ukoo mpana Dar es Salaam anaweza kuombwa sare tatu kwa harusi moja: ya kicheni pati, ya sendofu, na ya harusi yenyewe. Akiwa shangazi upande wa binti na mwanakamati upande wa kijana, zinafika nne. Kila sare inakuja na kitambaa, fundi, kilemba na viatu vya kuendana nayo, na mchango wa kadi uko palepale. Kwa hiyo anayekagua kitambaa cha sare kwa kuangalia rangi na bei ya yadi peke yake amekikagua nusu. Nusu ya pili ni kile ambacho kitambaa hicho kitamdai mgeni akishakifikisha nyumbani.

Tumevipima vitambaa vinavyonunuliwa zaidi kwa kazi hii kwa maswali matatu. Mtu wa kipato cha kawaida ataweza kukilipia na kukishonesha bila kukopa? Fundi wa mtaani kwake, mwenye cherehani moja na ovaloki ya kuazima, atakimudu? Ataivaa tena nguo hiyo, Jumapili kanisani, Idi, au kazini siku ya Ijumaa? Kitambaa kinachoshindwa mawili kati ya haya hatukipendekezi kwa yeyote aliye nje ya msafara wa maharusi, hata kikipendeza vipi kwenye picha.

Kitenge cha pamba: 8 kati ya 10

Kinastahili sifa yake. Pamba inapitisha hewa kwenye ukumbi uliojaa, cherehani yoyote inakishona, mwanaume anakivaa kama mwanamke, na harusi ikiisha kinaendelea na maisha. Kinapatikana kila mahali, kuanzia maduka ya Mtaa wa Uhuru na Kariakoo hadi Darajani, Unguja, na Mtaa wa Biashara, Mombasa. Kwa kawaida huuzwa kipande cha yadi 6 au jora zima la yadi 12.

Tatizo la kitenge ni kwamba jina moja linafunika bidhaa tatu tofauti. Kuna cha nta halisi, kinachopigwa rangi kwa kutumia nta, kuna pamba iliyopigwa chapa upande mmoja, na kuna poliesta iliyovalishwa sura ya kitenge. Kwa macho ya haraka dukani, vikiwa vimekunjwa na kung'aa, vinafanana. Kabla kamati haijalipia jora kumi, mweka hazina anunue yadi 1 tu aipeleke nyumbani. Geuza upande wa ndani: kitenge cha nta kina rangi karibu sawasawa pande zote mbili, na ndani ya rangi utaona mistari myembamba kama nyufa, alama ya nta iliyopasuka. Kikiwa kimefifia sana kwa nyuma, kimepigwa chapa upande mmoja. Hilo si kosa, ila bei yake isifanane na ya kwanza. Kisha chomoa nyuzi mbili ukingoni uziwashe kwa kiberiti juu ya sahani. Uzi wa pamba unanuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Uzi wa poliesta unayeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Ukumbini, mgeni aliyevaa kidonge hicho kwa saa sita atajua tofauti bila kuambiwa.

Jaribio la tatu ni la maji. Lowesha kitambaa cheupe, usugue kitenge mara kumi kwa nguvu. Kikichuja sana, kilemba kitaacha rangi kwenye paji la uso wa mtu anayetoka jasho, na mkono wa gauni utapaka kanzu ya jirani yake. Mwisho kifikiche kwa vidole. Kitenge cha bei ya chini mara nyingi hujazwa wanga ili kisimame, na unga mweupe utakaoona vidoleni ndio huo. Kikifuliwa mara moja kinalegea kama leso kuukuu. Wakati huohuo pima kurudi kwake: chora mstari wa sentimita 50, fua, anika, pima tena. Pamba ya kawaida hurudi kati ya asilimia 3 na 5. Kwenye gauni la urefu wa sentimita 140, asilimia 5 ni sentimita 7, yaani lililogusa kisigino linabaki juu ya kifundo cha mguu. Waambieni watu wakiloweke kabla ya kukipeleka kwa fundi. Sentensi moja hiyo kwenye ujumbe wa kamati inaokoa magauni mengi.

Jambo ambalo kamati nyingi hulisahau ni ukingo. Pembeni mwa kitenge, kwenye ule ukanda mwembamba usio na maua, pameandikwa jina la kiwanda na mara nyingi namba ya chapa. Upige picha ukanda huo siku ya kununua. Wageni watakapoongezeka, picha ya ua haitoshi kumwonyesha muuzaji, kwa sababu ua moja linaigwa na viwanda vingi kwa rangi zinazokaribiana. Na hata namba ikiwa ileile, mzigo uliopigwa rangi siku nyingine unaweza kutofautiana kidogo. Mtu mmoja mmoja haonekani; wakisimama thelathini kwa picha ya pamoja, waliopata mzigo wa pili wanajitenga kama kundi jingine. Nunueni kwa mkupuo mmoja.

Yadi ngapi kwa mtu mmoja

Kwa kitenge chenye upana wa inchi 45 hivi, gauni refu lisilo na marinda kwa mwanamke wa umbo la wastani linakula yadi 3 hadi 3 na nusu. Marinda au pindo pana, yadi 4 mpaka 5. Mama mwenye mwili mkubwa mpe 5, na kama anataka mikono mirefu na mtandio wa kitambaa kilekile, 6. Kilemba ni yadi 1 na nusu. Shati la mikono mifupi la mwanaume ni yadi 2 hadi 2 na nusu. Kwa hiyo kipande kimoja cha yadi 6 kinaweza kuwavisha mume na mke, gauni jembamba la mke na shati la mume, na hapo ndipo kitenge kinapokuwa rahisi kuliko kinavyoonekana. Chapa yenye ua kubwa linalotazama upande mmoja, kama ndege au taa, ongeza nusu yadi kwa kila mtu, maana fundi hawezi kugeuza kitambaa juu chini kubana nafasi. Akifanya hivyo ndege wa mgongoni watalala kichwa chini.

Kuna mtego wa yadi na mita. Duka linapima yadi, fundi anataja mita. Yadi 4 ni mita 3.66. Mgeni aliyeambiwa na fundi wake "lete nne" akapokea yadi nne kutoka kwa kamati amepungukiwa sentimita 34, na hapo ndipo magauni yanapokosa mkono mmoja au kushonewa kiuno cha kuungaunga. Andikeni neno "yadi" kila mnapotaja namba.

Hesabu ya jumla nayo ina mtego wake. Tuseme watu 40, yadi 4 kila mmoja, na nyongeza ya asilimia 10 kwa wanaochelewa na wanaokatiwa vibaya: jumla mafungu 44, yadi 176. Mkinunua vipande vya yadi 6, kila kipande kinatoa fungu moja tu na kubakiza yadi 2. Mtahitaji vipande 44, yaani yadi 264, na mtabaki na yadi 88 za vipande vifupi. Mkinunua majora ya yadi 12 ambayo hayajakatwa, kila jora linatoa mafungu matatu kamili. Majora 15 yanatosha, yadi 180, mafungu 45. Kitambaa ni kilekile, duka ni lilelile, na tofauti ni yadi 84. Mwambieni muuzaji mapema kwamba mnataka majora mazima. Wengine hukata vipande vya 6 asubuhi kabla hamjafika.

Kanga: 9 kwa shughuli za wanawake, 5 kwa ukumbi wa usiku

Kwa singo (shughuli ya kumsinga bibi harusi), kwa mkesha wa wanawake na kwa kicheni pati ya mchana hatujaona kitu kinachoishinda kanga. Sababu kubwa ni kwamba haihitaji kipimo. Doti ina vipande viwili, kila kimoja mita 1 na nusu kwa mita 1 na kidogo, na inamtosha binti wa miaka 15 na bibi wa miaka 70. Anayetaka kushona dira anashona, asiyekuwa na fedha ya fundi anajifunga na kujitanda, na wote wamevaa sare moja. Rwanda wana busara hiyohiyo kwenye mushanana: vazi la kujifunga, linalokodishwa kwa siku, na mgeni halazimiki kumtafuta fundi.

Lakini kanga inasema, na hapo ndipo inapoharibika. Msisome jina, yaani msemo ulioandikwa, la doti ya juu peke yake. Chapa moja hutoka na majina tofauti, na mzigo uliofungwa pamoja unaweza kuchanganyika. Fungueni doti zote. "Wazazi ni dhahabu kuwatunza ni thawabu" ni jina la kuvaliwa na akina mama wa pande zote mbili bila neno. "Japo sipati tamaa sikati" ni jina zuri nyumbani, ila wakijipanga nalo akina shangazi ishirini mbele ya bibi harusi, kila mgeni ataanza kutafuta nani anasemwa. Fundi naye aelezwe kabla ya kukata: jina libaki zima, mgongoni au kwenye pindo la chini, lisikatwe katikati na mshono wa kiunoni.

Doti hutoka dukani vipande viwili vimeungana na bila kupindwa. Kata na upinde kingo. Kanga mpya ina wanga na ni nyepesi, kwa hiyo gagulo ni lazima. Usiku, chini ya taa za ukumbi, wepesi huo unaonyesha, na ndiyo sababu ya alama 5.

Batiki: 7

Faida yake ni kwamba unaagiza rangi yako. Ukitaka damu ya mzee yenye michirizi ya krimu, mtengenezaji anaitengeneza, na fedha inabaki kwa watu wa karibu. Hasara ni chungu cha rangi. Kila chungu kinatoka na kivuli chake, kwa sababu joto la maji, muda wa kuloweka na nguvu ya rangi haviwi sawa mara mbili. Mwagizeni mtengenezaji apange kundi moja chungu kimoja: akina shangazi pamoja, kamati pamoja. Tofauti ikitokea iwe kati ya kundi na kundi, isiwe kati ya dada na dada. Ifuliwe mara mbili kabla ya kukatwa, maji ya kwanza yakitoa rangi ya ziada. Agizeni mapema kuliko kitenge, kwa sababu mvua ikishika, kuanika kunasimama.

Lesi: 5

Lesi inapendeza na akina mama wanaipenda, ila bei iliyoandikwa dukani si bei yake. Lesi haivaliwi bila bitana, na bitana ndiyo inayoamua rangi. Lesi ya pichi juu ya bitana nyeupe inakuwa ya waridi. Juu ya bitana ya kahawia inakuwa ya udongo. Kamati ikigawa lesi bila kugawa bitana, watu thelathini watanunua bitana thelathini kwenye maduka thelathini, na sare itakuwa imekwisha kabla ya kushonwa. Gawa vyote viwili, yadi sawa kwa sawa, au usiguse lesi kabisa. Yenye mawe na shanga inavunja sindano. Fundi atalazimika kung'oa mawe kwenye njia ya mshono, kazi ya saa nzima ambayo ataitoza. Lesi huuzwa mara nyingi kwa yadi 5, nyingi mno kwa mwembamba na chache kwa anayetaka kilemba juu yake.

Desturi ya lesi na vilemba vikubwa tumeiazima kwa Wayoruba wa Nigeria, ambako maana ya aso ebi ni nguo ya ukoo: kwa asili, walioivaa walitangaza kwamba ni wa nyumba moja. Tukiazima, tuazime na maana yake. Ni vazi la ndugu. Mfanyakazi mwenzake bwana harusi halimhusu.

Satini: 3

Hapa tunasema wazi: msiwape wageni satini. Tone la maji linaacha alama, jasho la kwapa linaonekana kutoka meza ya tatu, na kamera ikimulika inang'aa kwenye tumbo na nyonga, mahali ambapo hakuna mtu anayetaka kung'aa. Kushona kwake ni kazi ya mtu aliyezoea. Inateleza chini ya cherehani, inataka sindano nyembamba ya namba 9 au 11, wakati cherehani ya mtaani ina sindano ya 14 au 16 ya kitenge. Sindano nene inavuta nyuzi na kuacha mshono uliokunjamana, na ukifumua, matundu yanabaki. Isipopigwa ovaloki inachanuka kingo, na pasi ya moto inaibabua. Kisha gauni hilo la rangi ya shampeni la kuburuza chini linavaliwa wapi tena? Kwa wapambe wanne wanaoshonewa na fundi mmoja aliyelipwa vizuri, sawa. Kwa wageni 40, hapana.

Rangi tu, bila kitambaa: 9

Kwa mtu mwenye kadi ambaye si ndugu wala mwanakamati, hii ndiyo njia ya adabu, na tungetamani iwe ndiyo kawaida. Huyu amekwishatoa mchango. Ukimwongezea sare unamtoza mara ya pili kwa shughuli ileile. Mtajie rangi aende kwenye kabati lake.

Taja rangi mbili na moja ya kawaida, na uzitaje kwa majina ambayo watu wanayatumia. "Bluu" ni rangi tatu tofauti: bluu bahari, bluu ya sare za shule, na bluu iliyokolea karibu na nyeusi. Damu ya mzee, kijani cha jani la mgomba, njano ya haradali, krimu, hizo kila mtu anaziona akilini. Rangi zenye majina ya katalogi zinaleta ubishi, na simu kumi zinaonyesha picha moja kwa rangi kumi. Ukituma picha, weka kitambaa dirishani mchana, bila taa na bila kichujio, pembeni weka kitu ambacho kila mtu anakijua, kama karatasi nyeupe. Kwa walio karibu, vipande vya sentimita 5 vilivyobanwa kwenye kadi vinafanya kazi kuliko picha yoyote. Chagueni rangi inayopatikana mtumbani na madukani msimu huo. Rangi adimu inamlazimisha mgeni kushona, na lengo lilikuwa asishone.

Kamati mbili za harusi moja zibadilishane vipande vya kitambaa kabla ya kununua. Zisipofanya hivyo, upande wa binti na upande wa kijana hutokea na rangi moja, au mbili zinazopigana kwenye picha ya familia. Na mama wa bibi harusi na mama wa bwana harusi wachague wa kwanza kabla ya sare ya mtu yeyote, kisha wote wengine wakwepe rangi zao.

Kuhusu nyeupe, kumwachia bibi harusi ni heshima inayoeleweka. Ila mnapoandika "tafadhali msivae nyeupe", fahamuni mnawaandikia na wazee wa kanzu, masista na mabinti wa mtandio mweupe. Gauni jeupe la arusi lilienea baada ya Malkia Victoria wa Uingereza kulivaa mwaka 1840; kanzu nyeupe ya mzee wa pwani haishindani nalo. Andikeni "msivae magauni meupe"; neno moja la ziada linatosha.

Wanaume kwa haraka: yadi 1 ya kitenge chenye upana wa inchi 45 inatoa leso 9 za mfukoni za sentimita 30 kwa 30. Mwanaume ana suti yake au kanzu na koti lake. Leso hiyo inatosha kumtambulisha, na gharama yake ni ndogo kuliko nauli yake. Tai ni ghali zaidi kwa sababu hukatwa mshazari na kula kitambaa.

Yasiyoagizwa

Wapambe, msimamizi na watoto wa maua mnaweza kuwapangia mpaka urefu wa pindo na rangi ya viatu, kwa sharti kwamba nyinyi mnalipa kitambaa na fundi. Ndugu na kamati mnawaomba wavae kitambaa, mshono wachague wenyewe. Zaidi ya hapo msiende. Bega wazi, mpasuo, mkono mfupi, nywele, urefu wa kisigino, hayo ni ya mvaaji. Anayejisitiri aongezewe yadi 2 za mtandio bila kuomba. Mjamzito aongezewe yadi 1, maana vipimo vya leo si vya wiki ya harusi. Na kwa wanaopenda vionjo: mavazi ya mabakabaka yanayofanana na ya jeshi ni marufuku kwa raia Tanzania, kwa hiyo mada hiyo isiingie hata kwenye kikao.

Fundi mmoja kwa wote?

Kamati hupenda fundi mmoja ili mishono ifanane. Pigeni hesabu kwanza. Gauni lenye bitana linachukua fundi mzoefu karibu siku nzima ya kazi. Magauni 40 kwa mafundi wawili ni siku 20 za kazi, zaidi ya wiki tatu, bila umeme kukatika, bila ugonjwa, na bila mteja mwingine kuingia na chake. Msimu wa harusi baada ya Pasaka, wiki za mwisho kabla ya Ramadhani na Desemba, hilo halitokei. Kinachotokea ni magauni 25 kumalizwa usiku wa kuamkia shughuli, zipu zimebandikwa haraka, pindo halijapindwa.

Mwache kila mtu aende kwa fundi wake. Mkishikilia fundi mmoja, gauni la mfano lishonwe kwanza livaliwe na mtu akae nalo, ainame, anyanyue mikono. Kila fungu libanwe karatasi ya jina na vipimo kwa inchi: bega, kifua, kiuno, nyonga, bega hadi kiuno, urefu wa mkono, urefu wote. Lipeni nusu, iliyobaki siku ya kujaribisha, na siku hiyo iwe wiki mbili kabla. Ndugu aliye Muscat au London atumiwe kitambaa na ashonee hukohuko; vipimo vya kwenye simu vilivyochukuliwa na mtoto wake havitoshi kukata.

Kitambaa kiwe mikononi mwa watu wiki 8 kabla, na malipo yafungwe kabla ya kununua.

Cha juu

Baadhi ya kamati huuza sare kwa bei ya juu kuliko ya duka ili kutunisha mfuko wa harusi. Tunalipinga. Mgeni akipita dukani akakuta kitenge kilekile kwa bei pungufu, na Kariakoo atapita, hatakuwa na hasira na kamati. Atakuwa na hasira na maharusi. Wekeni risiti kwenye kundi la WhatsApp. Gharama ya kubeba na kukata mnaweza kuiongeza, mradi iandikwe kama gharama ya kubeba na kukata.

Namna ya kuandika

Huu ni ujumbe mbaya, na ni wa kawaida: "SARE NI LAZIMA. Mwisho wa malipo Ijumaa. Asiye na sare hatakaa meza za mbele." Una amri, una tishio, hauna bei wala kipimo.

Huu unafanya kazi: "Ndugu zetu, habari za leo. Rangi za siku hiyo ni damu ya mzee na krimu. Ukiwa na nguo yoyote yenye moja ya rangi hizo, karibu sana. Kwa ndugu watakaopenda kitenge cha familia, ni pamba, yadi 4 kwa bei ya duka, risiti ipo hapa chini. Kiloweke kabla ya kukata. Mshono ni wako. Tunafunga orodha tarehe 10. Ambaye haitawezekana, aje alivyo, tunamhitaji yeye."

Watu wazima msiwaweke kwenye ujumbe wa kundi. Wapigieni: "Shangazi, shikamoo. Tumechagua kitenge, tungependa uwe nacho; fungu lako tumekuwekea." Shangazi aliyelea bibi harusi hatozwi sare. Na kama mnajua fulani hana, fungu lake lilipwe kimya na mmoja wa familia, bila jina lake kupita kwenye orodha.

Siku yenyewe wanaopokea wageni mlangoni wapewe agizo moja: hakuna anayerudishwa wala kuhamishiwa nyuma kwa sababu ya nguo. Masalio ya kitambaa yakatwe mitandio kumi na leso kadhaa, yakae kwenye kikapu pale mlangoni pamoja na pini za kufungia, sindano 2 na uzi wa rangi ya sare. Aliyekuja bila rangi anapewa mtandio abaki nao, na zipu iliyofyatuka inashonewa chumba cha pembeni kabla maharusi hawajaingia.